Kifaa cha kuvaa mkononi cha kufuatilia wagonjwa walio nyumbani: tukijaribu vipi kabla ya kukiamini?

Muuguzi, Tanga
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Hospitali yetu ya wilaya imeletewa vifaa vinavyovaliwa kama saa, vinavyopima mapigo ya moyo, kasi ya upumuaji, joto la mwili na kiwango cha oksijeni katika damu, kisha kutuma vipimo kupitia simu hadi kwenye kompyuta ya wodi. Tunakusudia kuwavalisha wagonjwa ambao moyo wao hausukumi damu vizuri, tunaowaruhusu kurudi vijijini ambako nauli ya bodaboda na basi huwafanya wengi waahirishe kliniki hadi wanapozidiwa. Msambazaji anasema kifaa kimeshathibitishwa na angependa tuanze mara moja. Tulipokivaa sisi wenyewe, aliyekaa ametulia alipata vipimo vinavyokaribiana na vya monita ya kitandani, lakini mwenzetu aliyekuwa akipanga chupa za dripu kwenye rafu alisomewa oksijeni asilimia 84, ilhali kipimo cha kidoleni, dakika hiyo hiyo, kilionyesha 98. Naomba ushauri wa namna ya kukijaribu ipasavyo, kwa kuwa sitaki mgonjwa akodi gari usiku kwa ajili ya namba isiyo ya kweli, na zaidi ya hapo sitaki mwingine abaki kitandani akizidiwa huku namba ikimwambia kwamba yuko salama.

Fundi wa vifaa tiba, Mwanza
Ndugu muuguzi, ulichokiona kina sababu yake. Kipimo cha kidoleni hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kutoka upande mmoja wa kidole hadi wa pili, kisha hukokotoa oksijeni kwa kulinganisha jinsi kila mwanga unavyofyonzwa wakati mishipa inapopwita. Kwenye kifundo cha mkono mwanga hauvuki, hivyo kifaa husoma ule kidogo unaorudi, na mkono unaponyanyuliwa au mkanda unapolegea, mtikisiko huizidi nguvu ishara yenyewe. Kwa hiyo pima kwanza iwapo kifaa kinajua kunyamaza: kikishindwa kusoma, kiseme kwamba hakijasoma, kisitoe namba ya kubahatisha.

Kisha mwombe msambazaji ripoti ya majaribio yenyewe. Kwa kawaida watu wa kujitolea wenye afya hushushiwa oksijeni hatua kwa hatua hadi karibu asilimia 70, na vipimo vya kifaa hulinganishwa na damu iliyotolewa kwenye ateri zao. Mwongozo wa Marekani wa 2013 kuhusu majaribio hayo uliridhika na watu 10, ambao wawili tu kati yao walitakiwa kuwa na ngozi nyeusi sana. Matokeo yake yalionekana mwaka 2020, pale jarida la New England Journal of Medicine lilipochapisha uchunguzi kutoka hospitali za huko: miongoni mwa vipimo vilivyosoma asilimia 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vile vya wazungu. Rasimu ya mwongozo mpya, iliyotolewa Januari 2025, inapendekeza washiriki 150 au zaidi. Karibu wagonjwa wako wote ni weusi. Ukiletewa ripoti yenye weusi wawili, kifaa hicho hakijajaribiwa kwa ajili yao, hata kama kina muhuri.

Daktari mtafiti, Dar es Salaam
Nakubaliana na fundi, nami naongezea upande wa ulinganisho. Usiridhike ukiambiwa kwamba namba za kifaa zinapanda na kushuka pamoja na za monita, kwa sababu kifaa kinachozidisha pointi 4 kila mara kitapanda na kushuka nayo vizuri kabisa, huku kikimwonyesha mwenye 87 kuwa ana 91. Tumia njia ya watakwimu Bland na Altman ya 1986: kwa kila jozi ya vipimo tafuta tofauti, kisha wastani wa tofauti hizo na mipaka ambamo asilimia 95 yake huangukia, halafu ujiulize kama tofauti ya ukubwa huo ingebadilisha uamuzi wako kwa mgonjwa.

Wajaribiwe wagonjwa, si watumishi peke yao, hasa wenye mikono ya baridi, waliovimba, waliopungukiwa damu na wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Upumuaji uhesabiwe na wauguzi wawili wasioonyeshana majibu, kwa dakika nzima, kwani ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa la pumzi nne. Na kwa kuwa uko Tanga, tazama vidole vya akina mama kabla ya kulinganisha: piko nyeusi kwenye kucha inaweza kuzuia mwanga, ukakilaumu kifaa cha mkononi wakati kosa ni la kipimo cha kidoleni. Tumia kidole kisichopakwa. Suala la kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na usajili wa kifaa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lisiachwe mwishoni.

Anayemuuguza mzazi, Lushoto
Mimi si mtaalamu. Baba yangu alivalishwa kifaa cha namna hiyo na hospitali ambayo sitaitaja. Kililia usiku, tukapiga namba tuliyopewa, haikupokelewa hadi kulipokucha. Baada ya hapo alikivua na kukiweka chini ya mto, maana kilimtia hofu bila kumletea msaada. Nawaomba mpime pia muda unaopita tangu kifaa kinapotoa tahadhari hadi mtu anapompigia mgonjwa.

Muuguzi, Tanga
Nawashukuru sana. Tutaanzia wodini, mgonjwa akiwa na monita na kifaa kwa pamoja, na tiba ifuate monita pekee. Pole kwa yaliyompata mzee. Nitauomba uongozi upange zamu ya simu ya usiku, na bila zamu hiyo hakuna mgonjwa atakayekwenda nacho nyumbani. Fundi, nimebakiwa na swali la mtandao, kwa sababu vijiji vyetu vingine hupata mawimbi kilimani tu.

Fundi wa vifaa tiba, Mwanza
Zima data ya simu kwa saa kadhaa huku kifaa kikiwa kimevaliwa, kisha uiwashe. Hakikisha vipimo vyote vinafika, na kila kimoja kina saa kilipopimwa, si saa kilipopokelewa. La sivyo, oksijeni iliyoshuka alfajiri itasomeka wodini saa nane mchana kana kwamba inashuka wakati huo.