Naomba ushauri: waitikiaji wanakimbiza nyimbo za henza (kamba ya kupandishia tanga)

Wakuu, kikundi ni cha watu 8, tunaimba bila ala nyimbo za kazi za mabaharia wa Uingereza na Marekani, karne ya 19. Za kung'oa nanga hazisumbui, zinafuata hatua za miguu. Tatizo ni za kupandisha tanga: kiitikio kina mivuto 2 (mapigo ya kuvuta kamba kwa pamoja), lakini waitikiaji wanamdaka mwimbishaji kabla hajamaliza mstari, mwendo unapanda, mvuto wa pili unamezwa kabisa.

Kupiga mguu kumezidisha kasi. Kufunga kamba nene kwenye nguzo na kuivuta kweli kunasaidia sana, ila jukwaani bila kamba wanarudia yale yale.

Je, mwimbishaji aingilie silabi ya mwisho ya kiitikio, au aache pigo 1 tupu? Na waitikiaji waimbe sauti moja? Naona sauti nyingi zinaupunguzia mvuto uzito.