Nataka kuanzisha kipindi cha Kiswahili kwenye redio ya wanafunzi chuoni, naanzaje?

kijana_wa_kent: Habari zenu wakuu. Nipo jimbo la Washington huku kusini ya Seattle, nasoma komyuniti koleji, na chuo kina redio ya FM ambayo wanafunzi ndio wanaiendesha, muziki ni roki asubuhi mpaka usiku. Sasa huku kuna Wakongo wengi, Wakenya, Wabongo, wazee wengine Kiingereza hakipandi kabisa, nikaona niombe saa moja tu wikiendi. Meneja wa vipindi (naye mwanafunzi) kasema niandike maombi. Niandike nini? Halafu kuna mwenye duka la vyakula anataka kutupa hela tumtangaze, inaruhusiwa?

Dada Riziki: Mdogo wangu hongera sana. Mimi nilipitia redio kama hiyo California. Hilo la duka kuwa makini, redio za vyuo nyingi zipo kati ya 88.1 na 91.9 FM, hapo matangazo ya biashara hayaruhusiwi na FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) haina mchezo. Mwenye duka akichangia unaweza kushukuru kwa jina na kusema duka liko wapi, basi. Ukisema unga umeshuka bei au "njooni wote jumamosi" umeshavunja sheria na leseni ni ya chuo sio yako. Pia kila saa inapogeuka lazima utaje herufi za stesheni (zile za jina lake rasmi) na mji wake hata kama mgeni yuko katikati ya stori, subiri apumue utaje. Na nyimbo zisikilize zote mwanzo mwisho kabla, matusi ya Kiswahili nayo ni matusi, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku hayapiti, usidhani hakuna anayeelewa.

mzee_wa_maiki: Nakazia kwa Dada Riziki. Ushauri wangu usianze na kipindi chako, omba kwanza zamu ya kawaida hata ya usiku wa manane piga hiyo hiyo roki yao, wakuzoee na wewe uizoee miksa (mashine ya kuchanganya sauti). Kitu kinachowachanganya wageni ni kwamba ukifungua maiki spika za studio zinajizima zenyewe, mtu anafikiri redio imekatika anaanza kubonyeza kila kitu, kumbe avae tu hedfoni asikilize. Kuhusu maombi, andika vipindi vinne kamili dakika kwa dakika, nyimbo gani, nani anaongea, hiyo inawashawishi kuliko maneno mengi kuhusu utamaduni wetu.

Furaha_Bukavu: Kaka tafadhali weka salamu!! Nyumbani mtu alinunua kadi ya salamu ndio asomwe redioni, huko mtasoma bure. Na tafuta mtangazaji mmoja Mkongo, maana mkiongea Kibongo kitupu mama zetu watafurahi ila hawatajiona mle. Mambo ya shule za watoto, mabasi, kliniki, hayo ndio wanayahitaji kwa lugha yao.

kijana_wa_kent: Asanteni mno. Mwenye duka nitamwambia ukweli leo leo. Zamu ya usiku naomba kesho. Furaha, hilo la Mkongo umenigusa, sikuwa nimeliwaza, kama una ndugu huku Kent au Tukwila anayependa kuongea nitumie inboksi.