Python: faili za muda zinafutwa kabla ya kusomwa, na nyingine hazifutwi kabisa

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Habari zenu, ndugu. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenikosesha usingizi. Ninahudumia mfumo mdogo wa kikundi cha wakulima wa miwa wa upande wa Muhoroni. Miwa ya mkulima ikishapimwa kwenye mizani, yeye hupiga picha ya stakabadhi kwa simu na kuituma. Seva yetu iliyo hapa Kisumu huiandika picha hiyo katika faili ya muda, kisha huita programu ya Tesseract isome tarehe, namba ya trekta na uzito, ili mkulima awe na kumbukumbu yake mwenyewe siku ya malipo. Nilitumia asyncio, maktaba ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu bila moja kuizuia nyingine, kwa sababu trekta zikianza kushuka mizani, picha huingia nyingi kwa mpigo, na sipendi mkulima mmoja amsubirishe mwenzake.

Msimbo wa kwanza ulikuwa huu:

```
async def pokea(vipande):
    async with aiofiles.tempfile.NamedTemporaryFile("wb") as f:
        async for kipande in vipande:
            await f.write(kipande)
        asyncio.create_task(soma_stakabadhi(f.name))
    return "Imepokelewa"
```

Kwenye kompyuta yangu haukuwa na tatizo lolote. Kwenye seva, baadhi ya picha zilileta `FileNotFoundError`, na nyingine zilisomwa nusu: jina la mkulima na tarehe vilionekana, lakini mstari wa chini kabisa, wenye uzito halisi, haukuwepo. Nikaweka `delete=False` ili faili isifutwe yenyewe, nikaielekeza faili kwenye `/var/tmp`, na kazi ya kufuta nikaifanya mwenyewe:

```
async def shughulikia(njia):
    try:
        await soma_stakabadhi(njia)
        os.remove(njia)
    except Exception:
        os.remove(njia)

asyncio.create_task(asyncio.wait_for(shughulikia(njia), 20))
```

Makosa ya awali yaliisha, lakini Jumatatu iliyopita seva ilikataa kupokea picha yoyote kwa hitilafu ya `Errno 28`, yaani diski imejaa. Nilipofungua `/var/tmp` nilikuta maelfu ya picha zilizobaki tangu siku nilipofanya badiliko hilo, ilhali kwa macho yangu kila njia ya msimbo inaishia kwenye `os.remove`. Ni nani hasa anayepaswa kuifuta faili ya namna hii, na aifute lini?

Jibu kutoka Nakuru

Ndugu wa Kisumu, pole kwa usumbufu. Hapo kuna makosa matatu tofauti yaliyopandana, na ndiyo maana ulipotibu moja jingine likajitokeza.

La kwanza ni kwamba `create_task` haisubiri. Inaiandikisha kazi kwenye mzunguko wa matukio, yaani sehemu ya asyncio inayogawa zamu, na kurudi papo hapo, kisha bloku ya `async with` inafika mwisho, inaifunga faili na kuifuta. Kuanzia hapo, kufutwa kwa faili na kufunguliwa kwake na Tesseract ni mashindano. Kwenye kompyuta yako yenye picha moja Tesseract iliwahi. Kwenye seva yenye foleni ilichelewa. Tena Linux huficha kosa hili kwa muda mrefu, kwa sababu faili ikishafunguliwa na programu, kufutwa kwa jina lake hakuondoi yaliyomo: data hubaki mpaka kishikio cha mwisho, yaani kiungo kati ya programu na faili iliyo wazi, kifungwe. Kwa hiyo anayewahi kufungua husoma vizuri, na anayechelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde huambiwa faili haipo.

La pili, hukuita `await f.flush()`. Vipande vya mwisho vilikuwa bado katika bafa ya Python, yaani sehemu ya kumbukumbu data inapongojea kuandikwa, na anayeifungua faili kwa jina huona tu kile kilichokwisha kufika kwenye mfumo endeshi. Uzito wako ulipotelea hapo, kwa kuwa huandikwa chini.

La tatu ndilo lililojaza diski. `wait_for` uliipa kikomo cha sekunde 20: muda huo ukiisha, kazi ya ndani hughairiwa kwa `CancelledError`, na tangu Python 3.8 ya mwaka 2019 hitilafu hiyo hurithi kutoka `BaseException`, si `Exception`. `except` yako haikuiona kamwe. Kila picha iliyozidi sekunde 20 iliacha faili yake nyuma, na si ajabu hizo ndizo picha kubwa kuliko zote. Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja: kughairi kazi hakuui mchakato wa Tesseract ulioanzishwa, bali huendelea kula kichakato peke yake.

Mimi nisingejisumbua na jina la faili hata kidogo. Tesseract hukubali kusoma picha kutoka kwenye mlango wake wa kuingizia data (stdin), kwa hiyo ipe kazi mpya faili yenyewe iliyo wazi, na kazi hiyo ndiyo iifunge:

```
zinazoendelea = set()

async def pokea(vipande):
    f = tempfile.TemporaryFile()
    try:
        async for kipande in vipande:
            await asyncio.to_thread(f.write, kipande)
    except BaseException:
        f.close()
        raise
    kazi = asyncio.create_task(
        asyncio.wait_for(soma_stakabadhi(f), 20))
    zinazoendelea.add(kazi)
    kazi.add_done_callback(zinazoendelea.discard)
    return "Imepokelewa"

async def soma_stakabadhi(f):
    with f:
        f.seek(0)
        mchakato = await asyncio.create_subprocess_exec(
            "tesseract", "stdin", "stdout",
            stdin=f, stdout=asyncio.subprocess.PIPE)
        try:
            matokeo, _ = await mchakato.communicate()
        finally:
            if mchakato.returncode is None:
                mchakato.kill()
                await mchakato.wait()
    return matokeo.decode()
```

`TemporaryFile` kwenye Linux hutumia `O_TMPFILE` pale mfumo wa faili unapoiruhusu, uwezo uliokuja na kerneli (kiini cha Linux) 3.11 mwaka 2013. Faili huzaliwa bila jina, basi hakuna jina la kusahau kufuta. `f.seek(0)` inasukuma pia kilichobaki kwenye bafa. Ile seti ya `zinazoendelea` usiiondoe, kwa sababu mzunguko wa matukio huishikilia kazi kwa rejeleo dhaifu tu, lisiloizuia Python kuiondoa kwenye kumbukumbu, na kazi isiyoshikwa na mtu yeyote inaweza kutoweka katikati.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Ahsante sana, ndugu. Sasa nimeelewa mahali uzito ulipokuwa ukipotelea. Nina swali moja zaidi: ripoti ya mwezi tunaibadilisha kuwa PDF kwa LibreOffice, nayo hudai jina la faili. Isitoshe, umeme hukatika hapa mara kwa mara, na sidhani `finally` huitwa siku hiyo.

Jibu kutoka Kakamega

Haiitwi. Haiitwi umeme ukikatika, wala mtu akiiua programu ghafla kwa `kill -9`, wala kerneli ikiiua programu kwa uhaba wa kumbukumbu. Kwa faili isiyo na jina huna wasiwasi, maana mchakato ukifa kerneli hufunga vishikio vyake vyote na nafasi hurudi. Kwa ile yenye jina, tafuta mtu mwingine wa kufuta pamoja nawe.

Kama seva yako inaendeshwa na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, weka `RuntimeDirectory=` katika faili ya huduma. Itaundwa folda ndani ya `/run`, itafutwa huduma inaposimama, na kwa kuwa `/run` hukaa kwenye kumbukumbu, umeme ukikatika hakibaki kitu. Ndani ya folda hiyo tumia `TemporaryDirectory` kwa kila ripoti, na LibreOffice iandike humo humo, ili hata faili za ziada inazoziunda zifutwe pamoja. Angalia tu ukubwa: PDF za mwezi hazina neno, lakini picha zote za asubuhi usizipeleke huko, zitamaliza RAM.

Ulipotumia `/var/tmp` ulichagua mahali ambapo faili hukaa muda mrefu kwa makusudi. Katika mpangilio asilia wa systemd, `/tmp` husafishwa vitu vyenye siku 10 na `/var/tmp` vyenye siku 30, ingawa baadhi ya matoleo ya Linux hubadilisha hayo. Usafishaji huo usiutegemee kwa seva inayopokea picha kila dakika.

Jibu kutoka Bungoma

Niongeze kwa wanaojaribu msimbo wao kwenye Windows, kama mimi. Huko, faili ya `NamedTemporaryFile` ikiwa bado wazi, programu nyingine haiwezi kuifungua kwa jina. Tangu Python 3.12 ya mwaka 2023 unaweza kuweka `delete_on_close=False`: unaandika, unaifunga, programu nyingine inaisoma, na inafutwa unapotoka kwenye bloku ya `with`. Sharti kazi inayoisoma uisubiri kwa `await` ndani ya bloku hiyo hiyo, la sivyo utarudi kwenye mashindano yale yale.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa matokeo. Jana jioni nilituma picha 40 kwa pamoja na kuendesha `lsof +L1`, amri inayoonyesha faili zilizo wazi lakini hazina jina tena. Zilionekana moja moja, zikapungua kadiri Tesseract ilivyomaliza. Nikarudia, na safari hii nikaiua seva kwa `kill -9` katikati ya kazi. Michakato ya Tesseract iliyokuwa imeshika picha ilimalizia kusoma, orodha ikawa tupu, na `df`, amri ya kupima nafasi ya diski, ikaonyesha nafasi ile ile iliyokuwepo kabla sijaanza. Nilipoiwasha tena na kuzituma upya, stakabadhi zote 40 zilikuwa na mstari wa uzito. Picha za zamani zilizobaki `/var/tmp` ninazisoma upya leo, nikianza na zile kubwa, kwa kuwa zina wakulima ambao rekodi zao hazikuwahi kuingia.