Naomba ushauri: kushusha injini ya IST nyumbani

Wakuu, habari za leo. Nina gari, Toyota IST yenye injini ya 1NZ, inakula oili vibaya na sasa imeanza kugonga. Injini ya mtumba nimeshaipata Ilala, iko barazani chini ya turubai (mke wangu anaiita "mgeni"). Fundi anataka gari ivutwe gereji, mimi nataka kazi ifanyike hapahapa Mbagala nikiona kwa macho yangu.

Shida ni pa kuning'iniza cheni bloku (ile ya mnyororo ya kunyanyulia mzigo). Nimeazima ya tani 1. Fundi anasema tufunge kwenye tawi la mwembe, eti mbona watu wanafanya kila siku. Tawi ni nene kama paja, ila injini inatoka pamoja na giaboksi, na mwembe huuhuu ulishaangusha tawi bila hata upepo. Winchi ya magurudumu (ile ya kusukuma, ya kunyanyulia injini) nayo itazama, uwanja wote ni kichanga. Nikitandika mbao, itasukumika kweli ikiwa na mzigo? Au nichomelewe fremu ya mabomba ya miguu minne?

Halafu kompresa ya AC: si inafunguliwa boliti tu na kufungwa pembeni bila kumwaga gesi? Fundi anakataa.

Kazi ni Jumamosi.