Bunge la juu likiukataa mswada, nini kinafuata?

Mdadisi:
Wakuu, kwenye nchi zenye mabunge mawili, mswada ukipita la chini ukakwama la juu, kauli ya mwisho ni ya nani? Au la juu kazi yake ni kugonga mhuri tu?

Msomakatiba:
Fungua kwanza ibara ya katiba inayosema mabunge mawili yakikwama inakuwaje, mengine baadaye. Uingereza, kwa sheria za 1911 na 1949, Malodi (wajumbe wa bunge la juu) wanaweza kuuchelewesha mswada wa kawaida kama mwaka mmoja, na wa fedha mwezi mmoja tu. Baada ya hapo unatiwa saini bila wao. Ila mswada wa kurefusha muhula wa Bunge wanaweza kuuzuia kabisa, na kinga hiyo wengi huisahau.

India nako, Rajya Sabha, bunge la juu, ina siku 14 kwa mswada wa fedha. Zikipita kimya, mswada unahesabiwa umepita. Wa kawaida ukikwama zaidi ya miezi 6, Rais anaweza kuita kikao cha pamoja, na humo Lok Sabha, bunge la chini, inawazidi kwa wingi wa watu.

Karani:
Sawa mkuu, lakini kuna mahali ambapo "hapana" ya la juu inaua mswada. Marekani hakuna kikao cha pamoja cha kuokoa sheria: mabunge yote mawili lazima yapitishe maandishi yaleyale, neno kwa neno.

Kenya, mswada unaohusu kaunti ukileta mvutano unakwenda kwenye kamati ya upatanisho, wajumbe sawa kila upande. Siku 30 zikiisha bila nakala ya pamoja, umekufa (Ibara ya 113). Fujo kubwa huanzia mapema: je, unahusu kaunti au hauhusu? Swali hilo likizuka, maspika wawili hulitatua pamoja kabla ya mjadala. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti (bunge la juu), na shauri likaenda rufaa.

Mdadisi:
Asante. Kwa hiyo kwenye mswada huo Seneti ya Kenya inahitaji nusu ya maseneta 67?

Karani:
Hapana, hapo ndipo wengi wanateleza. Kura ni 47, moja kwa kila kaunti, na kiongozi wa ujumbe wa kaunti ndiye anayeipiga kwa niaba ya wenzake. Zinatakiwa 24, hata kama ukumbini wamehudhuria wajumbe wa kaunti 30 tu. Ukumbi ukiwa mtupu mchana huo, kiranja (msimamizi wa kura za chama) anayejua kazi yake ataomba kura iahirishwe.