Kakangu yuko kwa methadoni na dawa za akili, mbona analala hivi? Niachishe ipi?

BintiMtongwe

Asalaam aleikum, hodi humu. Wenye matusi naomba mnipite tu, nna mzigo wangu tayari.

Nina kakangu wa miaka 29, alikuwa kwa unga, yaani heroini, tangu amalize form four, alianza kuvuta baadae akawa anadunga, sitawachosha na hadithi maana pwani hii kila nyumba ina yake. Mwaka jana akakubali kuanza methadoni, ile dawa wanayopewa walioacha unga, na wallahi tulishukuru, kila asubuhi anavuka feri anaenda kunywa dozi yake anarudi, vyombo vya nyumbani vikaacha kupotea. Sasa alipotulia kwa unga ndio tukagundua anaskia sauti, usiku anabishana na ukuta, mara majirani wanamsema, mara kuna mtu juu ya bati. Daktari wa akili akamwandikia olanzapini, dawa ya kutuliza sauti, ale usiku, na zile sauti zikapungua kweli.

Shida ni hizi wiki tatu. Analala jamani. Juzi nimemwekea uji nikaingia ndani kidogo kurudi namkuta kijiko kiko mdomoni na macho yamefunga, uji unamwagika kifuani na yeye hana habari. Mamangu anasema methadoni ni unga wa serikali na hizo za akili ndio zimemmaliza, anataka aache zote mbili akanyweshwe kombe, yale maji ya aya za Kurani. Mie sijui. Kama ni kuacha, aache ipi kwanza?

kikombe_mwaka_wa_nne

Dadangu pole. Mimi niko kwa kikombe cha methadoni mwaka wa nne saa hii, kwa hivyo nakwambia kitu nnachokijua.

Hiyo ya unga wa serikali niliambiwa na mamangu pia. Iko hivi, unga unakushika masaa manne matano sita hivi halafu arosto inaanza, mafua, tumbo, mifupa inauma kama umepigwa na gari, so siku nzima kazi yako ni kutafuta kete ya unga ya kuondoa arosto. Methadoni unakunywa mara moja inakubeba mpaka kesho. Haikupi ile stimu, inakupa tu nafasi ya kuwa mtu. Mie saa hii naendesha tuktuk, kitambo hata baiskeli ungeniachia ningeiuza.

Lakini ntakwambia kitu usikasirike. Usingizi kidogo wiki za kwanza wakati dozi inapandishwa hutokea. Mtu amekaa karibu mwaka na dozi ileile halafu ghafla analala kwenye uji, hapo kuna kitu kingine kimeongezeka. Sisi mateja twajuana. Muulize kama anameza bugizi, vile vidonge vikali vya usingizi. Usimuulize kama polisi, muulize mkiwa mumetulia.

mzee_wa_kibandani

Dawa ni dawa tu, mumemtoa kwa gari moja mumempandisha jengine. Na mnasahau muguka, yale majani jamii ya miraa! Hawa vijana wanatafuna kutoka asubuhi mpaka alfajiri halafu mwashangaa wanaskia sauti. Gavana wa Mombasa alipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha, haya tuko wapi?

SistaWadi

Mzee kwa muguka uko sawa, kwa mtu mwenye tatizo la sauti ule ni petroli kwa moto. Hayo ya gari sikubaliani nayo lakini wacha nimjibu binti kwanza.

BintiMtongwe, USIACHISHE YOYOTE leo. Nimefanya wadi ya akili miaka mingi na hili kosa nimeliona sana. Methadoni ni ya unga, haina kazi yoyote kwa sauti. Olanzapini ni ya sauti, haizuii arosto. Ukitoa methadoni ghafla atarudi kwa kete ndani ya siku mbili tatu, na hapo ndipo wanapofia, kwa sababu mwili ushapoteza uzoefu na yeye anapiga kipimo cha zamani. Ukitoa olanzapini sauti zinarudi, na mara nyingi zikirudi huwa ni mbaya zaidi. Hata siku tatu mfululizo akikosa kikombe, kwa kawaida hapewi ile dozi yake kamili, wanamshusha kwanza halafu wanapanda naye pole pole, hiyo si adhabu, ni kwamba ile dozi yake ya zamani inaweza kumsimamisha pumzi.

Olanzapini yenyewe huleta usingizi na kunenepa, lakini usingizi wake mara nyingi huwa mwingi mwanzoni halafu mwili unazoea. Ninachokiogopa mimi ni alichosema mwenzangu wa kikombe. Bugizi, valium, zile zote za familia hiyo zikikutana na methadoni zinapunguza pumzi, moja moja anaweza kuivumilia, mbili pamoja ndio watu wanalala hawaamki. Pombe pia iko humo humo. Na kwa faida ya wengine wanaosoma, dawa za kifafa kama kabamazepini zinafanya kinyume, zinaimaliza methadoni mwilini haraka mtu anaanza arosto saa kumi jioni anaonekana mwongo, rifampisini ya TB vilevile. Na haloperidoli pamoja na methadoni moyo unafaa upimwe. Ndio maana daktari wa akili na watu wa methadoni lazima kila mmoja ajue mwenzake ametoa nini.

Fanya hivi. Chukua mfuko wa plastiki, tia kila kidonge kilichoko nyumbani kwenu, hata cha mama cha presha, peleka kwa daktari wake kesho. Na usiku wa leo mskizeni anavyopumua. Akikoroma kwa sauti ya ajabu kama maji yanachemka, mdomo unakuwa wa buluu au mnamtikisa hasikii, mlazeni ubavu na mkimbie hospitali mseme kabisa yuko kwa methadoni, kuna sindano ya naloksoni inaweza kumrudisha. Msimmwagie maji, msimpe maziwa.

mamake_wawili

Kuhusu kombe mie wangu wa pili alisomewa na alikunywa kombe na vidonge hakuacha hata siku moja. Shekhe mwenyewe ndio alimwambia usiache dawa ya daktari. Tafuteni shekhe wa namna hiyo, mama roho itatulia na mtoto atabaki na dawa zake.

BintiMtongwe

Narudi na majibu, samahani kwa kimya.

Nilifanya ule mfuko. Nikatia zake, nikatia za presha, nikamwambia mama nipe na zile za kwenye kabati. Akanyamaza. Baadae akatoa karatasi ya vidonge kwenye mkoba wake wa harusi, vimebaki vitatu. Kumbe yule kijana alikuwa hapati usingizi usiku anazunguka nyumba, mama akaonea huruma, akaenda duka la dawa akauziwa valium bila karatasi ya daktari, anamsagia kwenye chai ya jioni. Wiki tatu. Alilia jamani, anasema nilitaka alale tu mwanangu.

Daktari hakumgombeza. Alisema kwa vile amezitumia kila siku zisikatwe kwa mpigo, ametupangia kupunguza, na olanzapini imebaki palepale. Kakangu mwenyewe alicheka akasema kumbe ndio maana chai ilikuwa chungu.

Leo mama amevuka feri naye. Amesimama pale dirishani akaona anapewa kikombe kidogo, anakunywa, anaambiwa aongee kidogo waone amemeza, anatia sahihi anaondoka. Mama akamuuliza, "Ni hicho tu?" Akamwambia ndio mama, ni hicho tu. Wakati wa kurudi wamenunua mahamri.