Mtoto wa miaka minne jikoni: nimpe kazi gani ninapopika?

Mama Nuru, Kisauni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nina binti wa miaka 4 aliyeanza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, mwaka huu. Mimi hurudi nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni, na kufikia saa mbili usiku chakula hutakiwa kiwe mezani. Nikimketisha aandike mstari wa irabu aliopewa shuleni, hulia kabla hajaifikia herufi ya tatu. Lakini nikianza kumenya vitunguu, huja mwenyewe akasimama kando yangu na kudai kazi. Mama mkwe, ambaye ninaishi naye na ninamheshimu sana, husema kuwa jikoni si mahali pa mtoto mdogo, na siku mtoto alipomwaga sakafuni mchele niliokwisha kuuchagua, sikuwa na la kumjibu.

Je, iko namna ya kumshirikisha katika mapishi yetu ya kawaida, yaani chapati, wali, mbaazi za nazi na mahamri ya siku ya Ijumaa, akajifunza jambo nasi tukala kwa wakati?

Mwalimu wa Chekechea, Likoni

Wa aleikum salaam, dada. Nimefundisha watoto wa umri huo kwa miaka 14, na kwa jinsi ulivyomweleza, sioni kuwa binti yako anachukia kusoma. Naona vidole ambavyo bado havijakomaa kwa penseli. Hata mtaala wenyewe, kwa ngazi za PP1 na PP2, hauyaiti masomo bali shughuli: shughuli za lugha, shughuli za hesabu, shughuli za mazingira. Wazazi wengi hulisahau neno hilo mara tu wanaponunua daftari.

Anza na sinia ya mbaazi kavu. Mwambie atoe vijiwe na zile zilizotobolewa na wadudu, aziweke kwenye kibakuli chake. Kila punje huokotwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na hao ndio washikaji wa penseli. Ukae karibu naye, maana punje kavu huishia puani au masikioni kwa urahisi. Baada ya hapo nyunyiza unga mkavu juu ya sinia tupu, aandike *a* kwa kidole, aifute kwa kiganja, aandike tena. Unga haubaki na alama ya kosa, na kwa hiyo haumtii mtoto hofu kama karatasi inavyofanya.

Mahamri ndiyo darasa kubwa zaidi, na hapa nitakuomba uniwie radhi nikirefusha. Kwa vikombe vinne vya unga utapata kama madonge sita. Kila donge likishasukumwa huwa duara, na duara likikatwa mara mbili kwa kupitia katikati hutoa vipande vinne. Usimfundishe neno robo. Mwache ayaweke mahamri mabichi kwenye kitambaa kilichonyunyizwa unga, akiyapanga manne manne, na siku moja atakuuliza mwenyewe kwa nini kila safu iko sawa. Kabla ya kusukuma, bandika utepe nje ya bakuli pale unga ulipofikia, kisha mrudi kuutazama kila baada ya muda. Mweleze kuwa hamira ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kwamba hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouumua unga. Akitaka ushahidi, tia hamira na maji vuguvugu katika bilauri mbili, moja uiongeze sukari na nyingine usiiongeze, azitazame zote mbili. Maji yakiwa ya moto sana hamira hufa, nalo ni jambo ambalo baadhi yetu tulilijifunza kwa hasara ya kilo nzima ya unga.

Silabi nazo zipigeni makofi mnapotaja vitu: na-zi, i-li-ki, m-che-le. Usishangae akiipigia ile *m* kofi lake peke yake, yuko sahihi.

Baba Wawili, Changamwe

Nakubaliana na Mwalimu, ila sitaki tumwone mama mkwe kuwa mtu wa kizamani. Sufuria zetu nyingi hazina mpini, seredani huwekwa chini mahali ambapo mtoto hujikwaa, na mafuta ya kukaangia mahamri hayana msamaha. Nyumbani kwetu nilichora mstari wa chaki sakafuni, hatua tatu kutoka jikoni penyewe penye moto, na watoto huuita mpaka. Kazi zao zote hufanyika upande wa pili, juu ya mkeka, na mafuta yakishawekwa motoni kazi yao huwa imekwisha.

Akiungua kwa bahati mbaya, mpoze kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na yai, ambavyo majirani watavileta mbio kwa nia njema, vyote visiguse jeraha. Karanga nzima pia zisiwe kitafunio cha kumtuliza, kwa kuwa humpalia mtoto wa umri huo.

Bibi wa Mji wa Kale

Mwanangu Mama Nuru, mkweo hakukosea, ila hajapewa kazi. Mkabidhi huyo mtoto yeye.

Mbuzi ya nazi muachie mtu mzima, kwani ule ulimi wake wa chuma una meno makali. (Mjukuu wangu aliniuliza mbona mbuzi huyu hana mkia, nikacheka hata nikaacha kukuna.) Nazi ikishakunwa, mtilie mtoto maji vuguvugu kidogo katika bakuli, aikande kwa mikono yote miwili, kisha umshikie kifumbu akamue. Tui la kwanza liweke kwenye bilauri. Chicha ile ile itiwe maji tena, akamue tui la pili, bilauri ziwekwe pamoja dirishani, na mumuulize lipi ni zito. Baada ya muda ataona mafuta yamepanda juu ya lile la kwanza, na hapo maswali yatakuwa mengi kuliko majibu uliyonayo.

Kuhusu mbaazi zenyewe, chemsha ziive kabisa, tia kitunguu, bizari, chumvi na tui jepesi, na tui zito lije mwisho kwa moto mdogo huku ukikoroga, lisije likakatika. Pilipili usiitie chunguni. Weka ya kupondwa na ndimu pembeni, wakubwa wajitilie, na mtoto ale chakula kile kile cha sinia moja badala ya kupikiwa cha kwake.

Wakati wa kungoja unga uumuke ni wakati wa vitendawili. Mkweo anavijua, mwombe tu.

Mama Nuru, Kisauni

Nawashukuru nyote, na wewe Bibi shikamoo. Naandika leo Jumamosi. Mpaka wa chaki umechorwa, na jana mama mkwe aliketi mkekani na mjukuu wake tangu alasiri. Mahamri yalikuwa 24 yalipoingia kitambaani, lakini mtoto alipoyahesabu sahanini alipata 23, akarudia mara tatu huku akisisitiza kuwa limepotea moja, mpaka bibi yake akakiri kuwa alilionja. Daftari bado hulikataa, ingawa kwenye unga ameandika *a* na *e*, na ile *i* hupenda kuitia nukta kwa punje ya mbaazi.

Baada ya kula, bibi yake alimtegea: nyumba yangu haina mlango. Akajibu, yai. Kisha akatega cha kwake mwenyewe, kwamba ana nyumba isiyo na mlango lakini ndani ina kisima. Sote tulikuwa tumeshaijua nazi, ila bibi yake alijifanya ameshindwa, akaambiwa atoe mji. Akampa Malindi. Mtoto akaikataa, akasema anaitaka Mombasa yote, pamoja na feri.